Mjadala: Anayesubiri majibu ya kupimwa upya, pesa zake za ulemavu zisimamishwe?

Nahodha, njia ya Faza na Amu (anafungua)

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote wa Amu, wa visiwani, wa Mokowe, Hindi na Mpeketoni, mpaka kwa ndugu zetu wa Malindi.

Naleta swali moja. Mtu mwenye ulemavu mkali, aliyekuwa akipokea pesa za serikali, ameitwa kupimwa upya. Ameitika, amekwenda, amepimwa, na sasa anangoja majibu. Katika muda huo wa kungoja, malipo yaendelee au yasimame? Mimi nasema yaendelee. Yasimame siku ile tu mtu atakapopewa jibu kwa maandishi, lenye sababu, naye akapata nafasi ya kulipinga.

Kwa asiyeujua mpango wenyewe: hapa Kenya pesa za watu wenye ulemavu mkali zilianza 2011, na leo ziko chini ya mpango wa serikali wa Inua Jamii pamoja na za wazee na za mayatima. Ni Sh2,000 kwa mwezi. Wanaolengwa ni wale wasioweza kula, kuoga wala kwenda chooni bila mkono wa mwingine, ndiyo maana mlezi huhusishwa tangu kuandikishwa hadi kupokea. Kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka 10, na katika muda huo hakuna kitu dukani kilichobaki na bei yake. Tusije tukajadili kana kwamba kuna mtu anatajirika hapa.

Nilivyoyajua haya ni kwa sababu ya chombo changu. Anayetoka Kizingitini, Faza, Siyu au Pate kwenda kupimwa Amu hana barabara, ana boti. Maji yakipwa sana, Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, huenda usipitike na chombo kilichobeba watu. Ukikosa maji ya kujaa unangoja, au unazunguka nje ya Manda, na kusi likishika mawimbi ya huko nje si ya kumbebea mgonjwa. Kwa hiyo mtu akiambiwa na ofisi "njoo saa mbili asubuhi", anayeamua saa ni bahari.

Nimembeba kijana wa miaka ishirini na kitu, viungo vimekakamaa tangu kuzaliwa. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa sana gatini, ngazi za chini zimeota mwani, zinateleza. Tulimfunga kwenye kiti cha plastiki kwa leso mbili, moja kifuani na moja mapajani. Mama yake akashika kichwa kisianguke nyuma, vijana wawili wakashika miguu ya kiti, wa tatu akasimama majini mpaka kiunoni kupokea. Kijana alikuwa akilia kwa hofu, na mama anamsomea sikioni. Ripoti za daktari za miaka ya nyuma mama alizitia ndani ya kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko, zisilowe. Hilo kopo lilitangulia kuingia chomboni kabla yake yeye mwenyewe.

Alipimwa. Mwezi wa malipo ulipofika jina halikutoka. Mama alipouliza akaambiwa faili inashughulikiwa. Alipouliza tena, jibu lilikuwa lile lile. Ofisi siitaji, kwa sababu nataka tujadili kanuni na si mtu. Lakini nauliza kwa uchungu: viungo vilivyokakamaa tangu tumboni vitanyooka kwa kuwa fomu imepitwa na muda? Na ikiwa serikali ndiyo iliyochelewa kusoma ripoti yake yenyewe, kwa nini anayelala na njaa awe yule kijana?

Nasema tena, sipingi watu kupimwa. Napinga kumwadhibu mtu kwa muda wa kungoja ambao hakuuchagua. Karibuni, hasa mnaoona nimekosea.

Baba wa Mpeketoni

Nahodha, nakuheshimu, na huyo kijana Mungu amsaidie. Lakini mimi naona umekosea, na nitasema bila kuficha.

Binti yangu ana miaka 9. Haketi, hasemi, analishwa kwa kijiko. Jina lake lilichukuliwa tukiambiwa orodha imejaa, asubiri nafasi. Mpaka leo anasubiri. Hajawahi kulipwa hata shilingi. Sasa nyinyi mnalilia aliyesimamishwa. Wangu ambaye hajaanza ataliliwa na nani?

Bajeti ni ile ile. Kila jina lisilostahili likibaki humo, kuna mtoto kama wangu amefungiwa nje. Na majina yasiyostahili yapo, tusidanganyane. Tunawajua walezi wanaopokea ilhali waliyekuwa wakimlea alishazikwa. Tunawajua walioandikwa kuwa hawawezi kujihudumia na leo wanaendesha bodaboda. Baraza likiitwa, chifu akisoma majina na kuuliza "huyu anastahili?", kila mtu anatazama chini, kwa sababu ni jirani, ni shemeji, mtakutana msikitini au kanisani. Ndiyo maana mimi nautaka uhakiki, tena ule mkali.

Unasema waendelee kulipwa mpaka jibu litoke. Na jibu likikawia mwaka, kisha ikaonekana hakustahili? Nani ataturudishia? Ukishamlipa mtu pesa ya chakula ameshaila.

Mimi nasema yasimame. Wanaostahili walipwe malimbikizo yao yote majibu yakitoka. Hapo hakuna aliyedhulumiwa.

Mlezi, Siyu

Baba wa Mpeketoni, pole kwa binti. Nakuelewa zaidi ya unavyodhani. Lakini hapo uliposema walipwe malimbikizo na hakuna aliyedhulumiwa, naomba unisikilize, kwa sababu mimi nimeishi ndani ya hayo malimbikizo.

Namlea mdogo wangu wa kike. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo, hakuinuka tena. Pesa yenyewe ni ndogo, lakini juu ya pesa ile kuna mambo mengi yamesimama. Mwenye duka alikuwa akiniandikia kwenye daftari, unga, sukari, sabuni, nepi za mtu mzima, kwa sababu anajua pesa ya serikali itaingia hata ikichelewa. Habari ya kuitwa kupimwa upya ilipoenea, akaniambia kwa upole, "Dada, sasa sina hakika." Daftari likafungwa. Simlaumu, naye anadaiwa mali huko Amu. Basi kilichokatika si Sh2,000 tu, ni mkopo wote uliokuwa ukitubeba kutoka malipo hadi malipo.

Malimbikizo hayarudishi hayo. Nilipopunguza nepi, ngozi yake ililowa na kuchubuka, kisha kikatoka kidonda chini ya mgongo. Kidonda cha kulala, anayekijua anakijua: huanza kama doa jekundu, ukibonyeza halififii, na ukichelewa kinachimba kuelekea mfupa. Pesa ikija baada ya miezi inakikuta kidonda kimeshakuwa shimo. Niambie, baba yangu, hapo nimelipwa deni gani?

Na kazi? Nilikuwa nikisuka ukili nikiwa nimekaa naye. Lakini nenda rudi ya ofisini hula siku nzima, na lazima nimtafute wa kumgeuza nisipokuwepo. Nikifika naambiwa mtandao umelala, au aliyeshika faili yuko semina.

Sikatai kupimwa. Waje wampime leo. Watu wa chanjo wanafika mpaka mlangoni na kikasha chao cha barafu, nyumba kwa nyumba, na hawamwachi mtoto. Kama chanjo inaweza kufika Siyu, daktari mmoja na fomu yake hawezi?

Karani Mstaafu, Malindi

Nimeshika orodha za serikali kwa miaka mingi, na nawaomba ruhusa nitenganishe mambo, kwa sababu naona Baba wa Mpeketoni na Nahodha wanapigana kila mtu na mtu mwingine.

Kuna kuhakiki kama mtu yu hai. Kuna kuhakiki kama nyumba yake bado ni ya shida. Na kuna kupima ulemavu wenyewe. Haya ni matatu, na kila moja lina mtu wake wa kulijibu. Uhai unajibiwa na mzee wa mtaa, chifu na daftari la vifo. Hakuna haja ya daktari, wala haja ya kumtia mgonjwa chomboni. Hali ya nyumba inajibiwa na afisa wa ustawi wa jamii akifika akaona jiko. Ulemavu ndio wa daktari. Sasa angalia malalamiko ya Mpeketoni: marehemu wanaolipwa na waendesha bodaboda walioandikwa kwa udanganyifu. Wa kwanza hawakamatwi na kipimo cha daktari, maana maiti haiendi kupimwa. Wa pili ni wadanganyifu tangu siku ya kwanza, na aliyewapitisha alitia sahihi. Ukitaka kuwatoa, mfuate na aliyetia sahihi. Kumsimamishia malipo yule kijana wa kwenye kiti cha plastiki hakumkamati hata mmoja wao.

La pili, ambalo watu wa nje hawalioni. Katika orodha nilizozishika mimi, jina lilikuwa na hali mbili tu: analipwa, halipwi. Hali ya "anangoja majibu" haikuwapo. Basi karani akibaki na faili isiyokamilika, anachagua lipi? Mkaguzi wa hesabu humuuliza mtu kwa nini ulilipa. Sijapata kumwona mkaguzi aliyeuliza kwa nini hukulipa. Karani anajilinda, anaandika halipwi, anakwenda kuswali adhuhuri na moyo wake umetulia. Simsemi kwa ubaya, hivyo ndivyo kazi ilivyopangwa. Ndiyo maana nakubaliana na Nahodha, ila kwa sababu tofauti na yake: pasipokuwa na kanuni iliyoandikwa kwamba anayengoja aendelee kulipwa, kila karani mwenye hofu atamkata, na hofu ofisini haiishi.

Mwalimu asiyeona, Malindi

Naongeza dogo, maana mnaongea kana kwamba jambo hili ni la kaya maskini peke yake.

Mimi nina mshahara. Mtu mwenye ulemavu anayefanya kazi, akiwa na cheti cha msamaha, Sh150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi hazitozwi kodi. Cheti kina muda wake, kikiisha sharti kihuishwe. Niliomba mapema. Muda ukaisha ombi likiwa bado linazunguka, makato yakaanza, na kurudishiwa kilichokatwa kukawa ni safari nyingine peke yake. Macho yangu yalikufa kwa surua nikiwa mtoto. Daktari wa mwanzo aliliona hilo, wa pili akaliona, wa tatu ataliona. Kuna ulemavu unaobadilika, na ule wa kudumu. Wa kudumu upimwe mara moja, yaishe. Atakayenipima tena anataka kuona nini?

Binti anayesoma sheria, Shela

Shikamooni wazee wangu. Naona mmekaribia sana sheria bila kuitaja, niruhusuni niitaje.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inasema serikali itawapa msaada ufaao wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 47 kinasema kila mtu ana haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na kwamba ambaye haki yake imeathirika au inaelekea kuathirika apewe sababu kwa maandishi. Bunge likatunga sheria ya 2015 ya kukitekeleza kifungu hicho: kabla ya kuchukua hatua inayomwumiza mtu, ofisi impe taarifa na nafasi ya kujieleza. Sasa mama wa yule kijana alipewa taarifa gani? Jina kutotoka kwenye malipo si taarifa. Halafu kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008. Ibara ya 28 inazungumzia maisha ya kiwango cha kutosha na hifadhi ya jamii. Haya si mapambo. Ni ya kumwekea mtu mezani.

Wenzetu nao walibishana swali hili hili mahakamani. Marekani, mwaka 1970, kesi ya Goldberg dhidi ya Kelly, Mahakama ya Juu ilisema anayepokea msaada wa maskini asikatiwe kabla ya kusikilizwa. Mwaka 1976, kesi ya Mathews dhidi ya Eldridge, mahakama ile ile ikakataa kuwapa kinga hiyo wanaolipwa kwa ulemavu, kwa hoja kama ya Baba wa Mpeketoni: asikilizwe baadaye, akishinda atalipwa ya nyuma. Jaji Brennan, aliyepinga, aliandika kwamba nyumba ya Eldridge ilichukuliwa kwa deni na samani zikaondolewa, mpaka yeye, mkewe na watoto wakalala kitanda kimoja. Ashinde baadaye au ashindwe, nyumba ilikuwa imeshakwenda. Ni kidonda cha Siyu hicho hicho.

Haikuishia hapo. Kuanzia 1981 serikali ya Rais Reagan ikapitia upya orodha za walemavu kwa kasi, mamia ya maelfu wakaondolewa, na wengi walirudishwa walipokata rufaa. Vurugu ikawa kubwa hata Bunge lao likatunga sheria mwaka 1984: ukitaka kumwondoa mtu, wewe serikali ndiye uonyeshe kwamba hali yake ya afya imepata nafuu. Mzigo wa ushahidi ukahama. Na akipinga ndani ya siku 10, anaweza kuomba aendelee kulipwa mpaka rufaa yake isikilizwe.

Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini. Wakati wa korona waliongeza muda wa ruzuku za muda za ulemavu, kisha mwisho wa 2020 zikasimama zote kwa pamoja, za watu zaidi ya 200,000, wote wakatakiwa kuomba na kupimwa upya. Januari 2021, mjini Bellville karibu na Cape Town, watu wenye magongo na viti vya magurudumu walikuwa kwenye foleni nje ya ofisi, na polisi wakawapiga kwa mzinga wa maji kwa kuwa hawakuachiana nafasi. Ilikuwa lazima ifike huko. Ukizima malipo ya wote siku moja na madaktari ni wachache, wataifuata ofisi.

Baba wa Mpeketoni

Binti, umesoma, Mungu akuzidishie. Swali moja la mkulima: huko Marekani anayeomba aendelee kulipwa, akishindwa, anarudisha?

Binti anayesoma sheria, Shela

Ndiyo baba, anaweza kudaiwa alichopokea. Ila anaweza pia kuomba asamehewe, kama hakuwa na kosa na kulipa kutamwumiza.

Baba wa Mpeketoni

Basi hapo nimekusogelea. Mzee wa Malindi naye amenigusa, nimefikiri jana usiku: kweli maiti haiendi kupimwa. Wa kudumu wapimwe mara moja, nakubali. Mlezi wa Siyu, kidonda hicho nakijua, sikuwa nimekiweka kwenye hesabu yangu ya malimbikizo.

Lakini siachi mambo mawili. Kwanza, kuwe na kikomo cha muda kwa ofisi yenyewe. Kama mnataka alipwe mpaka jibu litoke, basi jibu liwe na tarehe, la sivyo ofisi italala na wadanganyifu watalala pamoja nayo. Pili, anayeshindwa arudishe. Pesa ni za umma, na nyuma yake kuna mtoto wangu.

Na la tatu nimelikumbuka. Kila mkisema madaktari wafike vijijini kuwapima walioitwa upya, semeni pia wawapime ambao hawajawahi kupimwa hata mara moja. Daktari akija Siyu au akija kwetu, asije na orodha ya zamani tu mkononi.

Nahodha, njia ya Faza na Amu

Hilo la tatu, kaka, ni lako na limeniingia. Kweli nilikuwa nikiwatazama waliomo chomboni, sikuwatazama waliobaki gatini.

La tarehe nakubali bila neno. Ofisi iliyotuita ituambie itajibu lini, na siku hiyo ikipita bila jibu, mtu ahesabiwe kuwa amepita mpaka itakaposema vingine. Huu ndio utakuwa moto wa kuwaamsha.

La kurudisha, hapana, hapo nabaki niliposimama. Aliyedanganya arudishe, tena ashtakiwe pamoja na aliyempitisha. Lakini mtu aliyesema kweli, akapimwa, daktari akaona hali imepungua kidogo kwa hiyo hayumo tena katika "ulemavu mkali", huyo kosa lake ni nini? Alikula Sh2,000 za mwezi alizopewa na serikali ikijua. Ukimwambia utarudisha, walezi wengi wataogopa kuomba waendelee kulipwa, watakaa kimya na njaa yao. Haki anayoiogopa mwenyewe haimsaidii.

Na msinisahau watu wa Basuba na Kiunga. Sisi wa Pate tuna bahari, angalau bahari haina kizuizi. Kule bara ya kaskazini, tangu hali ya usalama iharibike, kuna vituo vya afya vilivyofungwa na njia ambayo mtu haendi anapotaka. Mtu wa Milimani au Mangai akikosa siku ya kupimwa anaandikwa "hakufika". Hakufika kweli, lakini mngemwambia apite wapi? Kanuni yoyote itakayoandikwa, iwe na mstari kwamba asiyefika kwa sababu ya njia, bahari au usalama hakatwi, anafuatwa.

Karani Mstaafu, Malindi

Mmefika mahali pa kuandika, basi niwape mkono wa kazi. Msiandike malalamiko ya jumla, hayana pa kuwekwa faili. Andikeni barua ya kila mtu, jina lake, namba ya kitambulisho, tarehe aliyopimwa, na swali moja tu: uamuzi uko wapi, na kama malipo yamesimamishwa, ni kwa sababu gani? Nakala mbili. Moja ipokelewe, ya pili igongwe muhuri na tarehe, irudi nyumbani. Nimeona faili nyingi zikiamka kwa sababu ya muhuri huo peke yake, kwa sababu sasa karani anajua kuna karatasi nje inayomshuhudia. Ofisi isipojibu, peleka nakala kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Wana ofisi Mombasa, na kulalamika kwao hakulipiwi.

Kuhusu kurudisha pesa, mimi niko na Nahodha. Baba wa Mpeketoni, serikali itatumia zaidi kumfuata mlezi wa Siyu kuliko itakachokipata kwake.

Baba wa Mpeketoni

Hapo hamjanigeuza. Leo mnasema ni kidogo, kesho ni orodha nzima. Lakini barua nitatia sahihi, na ya binti yangu nitaiandika hivyo hivyo: jina, tarehe aliyoandikishwa, uamuzi uko wapi.

Mlezi, Siyu

Andika, baba. Yako na yangu ziende pamoja, tuone watasema nini.

Binti wa Shela, mwanangu, ukituandikia mfano wa hiyo barua uandike kwa Kiswahili, na herufi uzifanye kubwa, walezi wengi hapa ni bibi zetu. Chini uache nafasi ya sahihi ya mlezi peke yake. Fomu ya mwisho ilitaka dole gumba la mdogo wangu, na ngumi yake haifunguki. Tuliing'ang'ania mpaka akalia, na bado wino haukukamata. Uandike pia kwamba jibu liletwe kwa chifu au kwa simu ya mlezi. Wasituambie tulifuate Amu.